Bodi haijafa, imesahau: kumbukumbu za FPGA na mahali mpangilio unapolala

Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu jioni. Uliporudi baada ya dakika kumi, mtaa mzima wa Chikongola ukapiga ule ukelele wake wa siku zote. Feni zikazunguka, redio ya jirani ikashika wimbo katikati, na taa ya duka la mangi pale kona ikawaka. Mashine yetu ndiyo iliyobaki kimya.

Ni mashine ndogo ya vijana watatu wanaokuja kwangu jioni kujifunza elektroniki. Ina mfereji wa bati unaoteremsha korosho zilizobanguliwa moja moja, kihisi cha mwanga pembeni, na bodi ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi ya ndani yake unaipanga mwenyewe, inayohesabu na kuamua ipi nyeupe na ipi imeungua. Mchana kutwa ilikuwa imefanya kazi bila tatizo. Sasa taa ya umeme ya bodi inawaka, ila hakuna kinachohesabiwa.

"Kaka, bodi imekufa," mkubwa wao akasema kwa sauti ya msiba.

"Imekufa au imesahau?"

Akanitazama kama mtu anayeona anafanyiwa mzaha wakati ana shida. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala hii, maana sijaona anayeanza FPGA ambaye hajapita hapo. Unaandika saketi yako, unaipeleka kwenye bodi, inafanya kazi, unamwita mama aje aone. Unachomoa kebo, unachomeka tena, hakuna kitu. Unadhani umeunguza chipu ya mamia ya maelfu ya shilingi, kumbe hujaunguza chochote. Kazi yako uliiweka mahali pasipotunza.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyouliza. Tumezoea kuuliza kuhusu simu, "Ina memori kiasi gani?" na kupewa namba moja au mbili. Vijana wangu nao waliangalia maelezo ya bodi yao, Arty A7-35T ya kampuni ya Digilent, wakaona imeandikwa megabaiti 256. Wakaridhika: kazi yetu ni ndogo, nafasi ni kubwa, haiwezi kupotea. Ila hizo megabaiti 256 hazihusiki hata kidogo na kutunza saketi yao. Kwenye bodi ileile kuna kumbukumbu tano za aina tofauti, na kila moja ina tabia yake. Ukizichanganya, utalia kila umeme unapokatika. Hapa Mtwara, mji uliokaa jirani na gesi ya Mnazi Bay, hilo bado linatokea zaidi ya inavyopaswa.

Saketi ambayo yenyewe ni kumbukumbu

Tuanze na FPGA yenyewe, kwa sababu asipoelewa hapa mtu, yanayofuata yatamteleza.

Prosesa ya kompyuta ni saketi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani, na programu ni orodha ya maagizo inayosomwa na saketi hiyo. FPGA haina maagizo ya kusoma. Ni uwanja mpana wa vipande vidogo vya mantiki na waya nyingi zilizopita katikati yake, na kila mahali waya zinapokutana pana swichi. Wewe ndiye unayeamua swichi ipi ifungwe na ipi iachwe wazi. Ukishaamua zote, uwanja huo unageuka saketi uliyoitaka: kihesabio, kichambuzi cha picha, hata prosesa nzima. Xilinx, kampuni ambayo leo iko ndani ya AMD, ilitoa chipu ya kwanza ya namna hii iliyofanikiwa sokoni mwaka 1985. Iliitwa XC2064 na ilikuwa na vipande vya mantiki 64 tu.

Chipu ya bodi ya vijana wangu, XC7A35T, ina vipande 20,800 vinavyoitwa LUT. Tamka herufi moja moja au useme "lati" kama wanavyosema mafundi, ni sawa. LUT moja ina waya sita za kuingilia na moja ya kutokea. Ndani yake hakuna mlango wa NA wala wa AU kama ile inayochorwa darasani, kuna jedwali dogo la majibu 64. Waya sita zina hali 64 zinazowezekana, na kwa kila hali jedwali limeandikwa jibu, sifuri au moja. Ukitaka mlango wa NA, unaandika moja kwenye hali ya mwisho pekee na sifuri kwingine kote. Ukitaka kitu kingine, unaandika majibu mengine. Hapo hakuna hesabu inayofanyika. Jibu linasomwa tu kutoka kwenye jedwali, kama mtoto aliyekariri tebo.

Maana yake ni kwamba saketi yako ndani ya FPGA ni maandishi. Majedwali ni biti zilizoandikwa, na swichi za waya nazo ni biti zilizoandikwa. Biti hizo zinakaa kwenye vijisehemu vya SRAM vilivyotapakaa chipu nzima, na SRAM inashika neno lake kwa transista zinazosukumana, hii ikimzuia mwenzake asibadilike, mradi umeme upo. Umeme ukitoka hata kwa sekunde moja, msukumano unakwisha na swichi zote zinalegea. Katika chipu hizi saketi na kumbukumbu ni kitu kimoja, kwa hiyo kusahau ni sawa na kuvunjwa.

Kuna jambo hapa lililowashangaza vijana, na mimi zamani lilinishangaza pia. Faili la mpangilio la chipu hii, ambalo wenyewe wanaliita bitistrimu, lina biti 17,536,096 likiwa halijabanwa. Ni zilezile ukiandika saketi ya kuwasha taa moja, na ni zilezile ukiandika saketi iliyojaza chipu. Swichi ambayo huitumii nayo lazima iambiwe ikae wazi. Na katika biti hizo zote, majedwali ya LUT hayafiki hata asilimia kumi: 20,800 mara 64 ni kama milioni 1.3 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni za barabara, yaani swichi za kuunganisha waya na waya. Watu huisifu FPGA kwa mantiki yake, lakini ukiifungua utakuta zaidi ni njia panda.

Neno flashi lina kazi tatu

Kama saketi inavunjika kila umeme unapokatika, lazima pawe na mahali pengine pa kutunza nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la bodi hii ni chipu ndogo iliyokaa karibu na FPGA. Inaitwa flashi ya SPI; SPI ni njia yake ya kuzungumza na FPGA kwa waya chache.

Neno hilo linatupa shida kidogo. Kwa watu wengi wa hapa mjini, flashi ni kile kijiti cha kubebea nyimbo na kazi za steshenari. Kwa fundi simu wa stendi, kuflashi ni kuiwekea simu programu upya ikigoma kuwaka. Na kwenye bodi, flashi ni hiyo chipu ndogo. Si maneno matatu yaliyofanana kwa bahati, ni teknolojia moja. Ndani yake kila biti inatunzwa na chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye kijisiwa kilichozungushiwa kihami pande zote. Elektroni zikishaingizwa kwa nguvu hazina mlango wa kutokea, hivyo ukizima umeme zinabaki humohumo. Watengenezaji wa chipu hizi kwa kawaida huahidi miaka 20.

Mfano ulio karibu zaidi ni mita ya LUKU. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi yuniti zako utazikuta vilevile. Mita imeziandika mahali pasipohitaji umeme ili pakumbuke. Sasa linganisha na saa ya mezani isiyo na betri, ambayo umeme ukirudi inamwetamweta saa sita kamili kama haijawahi kujua wakati. SRAM ya FPGA ni hiyo saa, na flashi ni LUKU.

Kwa nini basi wasitengeneze FPGA nzima kwa flashi, tukaachana na usumbufu? Wapo wanaofanya hivyo, nitawagusa baadaye. Ila flashi ina masharti yake. Biti yake unaweza kuishusha kutoka moja kwenda sifuri wakati wowote, lakini kuirudisha kwenye moja huwezi ikiwa peke yake. Unafuta eneo zima kwa mpigo, mara nyingi baiti 4,096 au 65,536, halafu ndiyo uandike upya. Kufuta kunachukua muda, na kila kufuta kunachosha kihami. Kiwango kinachoandikwa kwenye karatasi za chipu nyingi ni kufuta mara 100,000 kwa eneo. Kwa faili la mpangilio unalobadilisha mara chache kwa wiki, hiyo ni nyingi mno. Kwa matumizi mengine si nyingi hata kidogo, na nitaonyesha kwa nini.

Dakika ya kuamka

Sasa tazama kinachotokea unapochomeka kebo ya umeme. Hapa ndipo kosa la vijana wangu lilipokuwa.

FPGA inaamka ikiwa tupu. Jambo la kwanza inafuta SRAM yake yote ili isianze na takataka. Ikimaliza, inaachilia waya uitwao INIT_B, na papo hapo inasoma pini tatu za hali ili ijue mpangilio utatoka wapi. Pini hizo zikisomeka 001, FPGA inajua yenyewe ndiyo itakayokwenda kuuchukua kwenye flashi ya SPI. Zikisomeka 101, inakaa kimya kusubiri mtu alete mpangilio kupitia JTAG, yaani kutoka kwenye kompyuta. Mbunifu wa bodi huziunganisha pini hizo na jampa, kile kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachounganisha nukta mbili. Kwenye Arty ni JP1.

Ikiambiwa iende kwenye flashi, FPGA inaanza kutoa mapigo ya saa yake yenyewe na kuivuta flashi biti kwa biti kuanzia anwani sifuri. Haiamini kila inachokiona. Inapitisha kwanza mpaka ikutane na neno la kujitambulisha, AA995566 kwa hesabu ya kumi na sita, na hapo ndipo inajua mpangilio umeanza. Inakagua kitambulisho cha chipu, kwa hiyo faili lililotengenezewa chipu nyingine halipiti. Inajaza swichi. Mwisho inalinganisha hesabu ya uhakiki iliyoandikwa kwenye faili na ile iliyoifanya yenyewe. Zikilingana, waya wa DONE unapanda, taa yake inawaka, na saketi yako inaanza kuishi. Zisipolingana, DONE haipandi. Kwa hiyo mtu akiniambia bodi imekufa, taa ya kwanza ninayoitazama ni ya DONE. Ikiwa imezimika huku umeme upo, FPGA ni nzima na imekosa cha kusoma.

Muda wa kuamka nao unategemea ulivyopanga. Ukiacha kila kitu kama kilivyo, mapigo ya saa ni kama megaherzi 3 na biti zinapita moja moja. Biti milioni 17.5 zitachukua karibu sekunde 6. Ukiongeza saa hadi megaherzi 33 na kutumia waya nne za flashi kwa pamoja, unashuka hadi sekunde 0.13. Mipangilio hiyo miwili unaiweka kwenye programu ya kutengenezea bitistrimu kabla hujaitoa. Nimeshaona mtu akilalamika kwamba mashine yake inachelewa kuwaka, akatafuta kosa siku mbili kwenye saketi, na kosa lilikuwa mstari mmoja wa mipangilio.

Sasa vijana. Walikuwa wamefanya anachofanya kila anayeanza: kufungua programu kwenye laptopu, kuchomeka kebo ya USB, na kubonyeza kitufe cha kupeleka. Kitufe hicho kinapeleka bitistrimu kwa njia ya JTAG moja kwa moja hadi kwenye SRAM. Ni haraka na ni salama, na wakati wa kujaribu saketi mara ishirini kwa siku ndiyo njia sahihi. Ila hakigusi flashi. Umeme ulipokatika, nakala pekee iliyokuwa ndani ya bodi ilikuwa ile iliyovunjika.

"Kwa hiyo tuliandika mchangani," mdogo wao akasema, anayetoka Mikindani. Sikuwa na la kuongeza.

Kuandika kwenye flashi

Njia ya kuandika kwenye flashi ina hatua mbili ambazo programu hazikuelezi vizuri.

Ya kwanza ni faili. Kwa chipu za Xilinx, faili lenye mwisho wa .bit ni la kupeleka kwenye SRAM. Kwa flashi unatengeneza jingine, .mcs au .bin, ambalo ni bitistrimu ileile iliyofungashwa kwa ajili ya flashi; .mcs hubeba na anwani zake, .bin ni biti tupu. Kwa bodi zenye chipu za Altera ni .sof kwa SRAM, na .jic au .pof kwa kitu kisichosahau, kutegemea bodi. Wakati wa kufungasha unaulizwa jina la chipu ya flashi. Usibahatishe. Washa tochi ya simu, piga picha mgongo wa chipu, ukuze picha, usome namba. Flashi za ukubwa mmoja kutoka kampuni mbili zinaweza kutofautiana katika namna ya kufungua zile waya nne.

Ya pili ni daraja, na hili linawachanganya watu sana. Kebo ya JTAG haijaungwa na flashi. Imeungwa na FPGA, na FPGA ndiyo iliyoungwa na flashi. Kwa hiyo programu ya kompyuta inafanya ujanja. Kwanza inapakia ndani ya FPGA saketi ndogo ya muda ambayo kazi yake ni kupokea data kutoka JTAG na kuisukuma kwenye flashi. Halafu ndiyo inafuta, inaandika, na kusoma tena kuhakiki. Ndiyo maana ukianza kuandika flashi, saketi yako iliyokuwa inafanya kazi inatoweka: FPGA imegeuzwa kibarua wa kubeba mizigo. Na ndiyo maana ukimaliza, mashine bado haifanyi kazi mpaka ubonyeze kitufe cha PROG au uzime na kuwasha bodi, ili FPGA iamke upya na kusoma ilichoandikiwa.

Vijana walipomaliza hatua hizo, wakachomoa kebo, wakachomeka. DONE haikuwaka. Nikacheka, wao hawakucheka. JP1 haikuwa na jampa. Mmoja wao alikuwa ameichomoa wiki iliyopita akaitumia kwenye kazi nyingine. Flashi ilikuwa imejaa kila kitu sawasawa, lakini FPGA ilipoamka ilisoma pini za hali ikaona imeambiwa isubiri JTAG, ikasubiri. Jampa tuliipata kwenye kisanduku cha skrubu.

Wanaoogopa kuharibu bodi kwa kuandika vibaya nawatoa wasiwasi: JTAG inapita hata pini za hali zikisema nini, na hata flashi ikiwa imejaa uchafu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, flashi itabaki na nusu ya mpangilio, hesabu ya uhakiki itakataa, na bodi itakuwa kimya. Chomeka kebo, andika upya. Kwa mashine iliyofungwa mbali, tuseme ghala la korosho kule Newala ambako hutaki kusafiri kwa ajili ya kebo, kuna kinga. Flashi ya megabaiti 16 inabeba nakala saba za mpangilio huu na nafasi inabaki. Mwanzoni kabisa unaweka nakala ya kuaminika usiyoigusa tena, mbele yake unaweka ile unayoibadilisha. FPGA inajaribu mpya, ikikuta imeharibika inarudi yenyewe kwenye ya zamani.

Hizo megabaiti 256 ni za nini?

Ni DDR3, kumbukumbu ya kazi. Biti yake ni chaji ndani ya kapasita ndogo mno inayovuja muda wote, hivyo kila safu lazima isomwe na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64. Hata umeme ukiwepo inasahau usipoikumbusha. Na FPGA haiwezi hata kuzungumza nayo mpaka ndani yake pawe na saketi ya kidhibiti, saketi ambayo nayo inatoka kwenye bitistrimu. Kwa hiyo DDR haiwezi kuiamsha FPGA, yenyewe inasubiri FPGA iamke kwanza.

Faida yake ni ukubwa. Siku vijana watakapoacha kihisi na kutumia kamera, picha moja ya nukta 640 kwa 480, baiti mbili kila nukta, itakuwa na baiti 614,400. Ndani ya chipu kuna vitalu 50 vya RAM, vya haraka sana, lakini jumla yake ni baiti 230,400. Picha moja haienei. DDR itabeba picha zaidi ya 430. Vitalu hivyo vya ndani vina sifa moja nzuri: thamani zake za kuanzia zinaweza kuandikwa ndani ya bitistrimu, kwa hiyo jedwali la rangi za korosho unaweza kuliweka humo na likaamka pamoja na saketi.

Ukiweka prosesa ndani ya FPGA, kama MicroBlaze, na programu yake ikawa kubwa ikakaa DDR, jua umejiongezea safari ya pili. Bitistrimu inaamka kutoka flashi, ndani yake kuna programu fupi ya kuanzia kwenye vitalu vya RAM, nayo inarudi flashi kunakili programu kubwa kwenda DDR. Programu hiyo kubwa lazima uiweke flashini baada ya mwisho wa bitistrimu, ambayo inachukua baiti 2,192,012. Anwani 300000 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani megabaiti tatu kamili, inatosha.

Kumbukumbu ya tano ni EEPROM ndogo iliyo upande wa chipu ya USB. Inatunza utambulisho wa kebo ili kompyuta ijue imeungwa na bodi gani. Iache kama ilivyo.

Zisizosahau, na zile zilizochongwa

Si kila FPGA ina shida hii. MAX 10 ina flashi ndani yake yenyewe, chipu moja inajitosheleza na inaamka upesi. PolarFire imejengwa kwa swichi za flashi zenyewe, hakuna cha kupakia. Chipu ndogo za iCE40 zinaweza kusoma flashi ya nje, na baadhi zina kumbukumbu ya ndani ya kuandika mara moja tu. Kwenye bodi za Zynq, prosesa ya ARM ndiyo inayoamka kwanza, mara nyingi ikisoma faili la BOOT.BIN kwenye memori kadi, halafu yenyewe ndiyo inaipangilia FPGA. Zipo pia chipu za antifyuzi, ambazo kuzipanga ni kuunganisha waya moja kwa moja na milele. Hizo ni kama kinyago cha mpingo: ukikata umekata, hakuna kurudisha kipande. Zimependwa kwenye vyombo vya angani kwa sababu mionzi haiwezi kuzigeuza swichi zake kama inavyoweza kugeuza biti ya SRAM.

Jioni ile, jampa iliporudi, tuliwasha bodi. DONE ikawaka kabla hata mkono haujatoka kwenye kebo. Mkubwa wao akaichomoa na kuichomeka mara tano, na mara zote mashine ikaamka. Akamwaga korosho kwenye mfereji, kihesabio kikaanza.

Kikaanza kutoka sifuri.

"Kaka, mchana tulifika elfu nne na kitu."

Saketi ilikuwa imerudi, hesabu haikurudi. Mpangilio ulilala kwenye flashi, lakini idadi ilikuwa kwenye vijisehemu vya kushikia biti ndani ya saketi, na hivyo vinaamka na thamani ilizopewa na bitistrimu, ambayo ni sifuri. Wazo lao la kwanza lilikuwa la haraka: kila korosho ikipita, andika idadi kwenye flashi. Tukapiga hesabu. Kila kuandika mahali palepale ni kufuta kwanza, na ukifuta mara 100,000 umefika mwisho wa ahadi ya mtengenezaji. Korosho mbili kwa sekunde, hiyo ni chini ya saa 14 za kazi.

Tukalipanga upya. Eneo la baiti 4,096 linagawanywa rekodi za baiti 16, zinapatikana 256. Idadi inaandikwa kila baada ya dakika moja kwenye rekodi inayofuata iliyo tupu, bila kufuta, na eneo linafutwa pale tu rekodi zote zimejaa, baada ya kuanza eneo la pili. Eneo moja hapo linabeba rekodi milioni 25.6. Bodi ikiamka inatafuta rekodi ya mwisho iliyoandikwa kikamilifu na kuendelea kutoka hapo. Umeme ukikatika watapoteza hesabu ya dakika moja, kama korosho 120, na mdogo wao ameshaanza kuuliza kama kapasita kubwa kwenye njia ya umeme inaweza kuipa bodi muda wa kuandika rekodi moja ya mwisho kabla haijazimika.

Inaweza. Jumamosi tunapima.